Siku ya bahari: meli haifiki popote na dobi hapumui (uzi mrefu, njooni na chai)

#1 Dobi wa Tukuyu

Wakuu, salaam. Nipo nyumbani likizo. Ukungu umeshuka tangu alfajiri, Mlima Rungwe hauonekani, umeme umerudi sasa hivi, kwa hiyo nina muda.

Nimeona nyuzi za ajira za melini humu zote zinaishia kwenye mshahara na picha za mtu kasimama mbele ya mnara fulani Ulaya. Mimi nataka kuelezea siku moja tu, ile ambayo hakuna anayeipiga picha: siku ambayo meli haifiki popote.

Nilikuwa dobi kwenye meli ya watalii, mkataba wa miezi tisa. Miezi minne kati ya hiyo ilikuwa safari moja ya kuzunguka dunia, Januari hadi Mei. Abiria kama elfu mbili, wengi wastaafu, na wafanyakazi karibu mia tisa. Jina la meli sitaji, bado nataka kurudi.

Kule siku ziko za aina mbili. Kuna siku ya bandari, mnafunga gati asubuhi, abiria wanashuka kutalii, jioni wanarudi. Na kuna siku ya bahari, mnaamka maji, mnalala maji. Kutoka Los Angeles hadi Honolulu tulipiga nne mfululizo. Mama alikuwa akinipigia anauliza, "Leo mmefika wapi?" Namwambia hatujafika popote. "Na jana?" Popote. Kimya kidogo. "Mwanangu, hiyo meli haijawaharibikia?"

Naendelea.

#2 Nahodha wa Bajaji

Siti ya mbele hapa. Kondakta, mshahara?

#3 Kiazi Mviringo

Hii chai. Dobi kutoka Tukuyu azunguke dunia? Nileteeni vitafunwa.

#4 Dobi wa Tukuyu

Kiazi, kunywa taratibu isikuunguze. Nahodha, mshahara umetosha kuezeka nyumba ya mama, na mlango wa nyuma bado ni mabati.

Tuendelee. Abiria akiamka siku ya bahari, kazi yake ni kutokuwa na kazi. Saa kumi na mbili asubuhi wazee wanatembea sitaha wakizunguka meli, wamevaa raba nyeupe, wanahesabu mizunguko. Saa mbili viti vya kando ya bwawa vimeshawekewa taulo na kitabu, mwenyewe hayupo, yuko kwenye chai. Huo ndio ugomvi namba moja wa meli. Mtu kalipia safari ya miezi minne anagombea kiti cha plastiki kama watu wanavyogombea siti ya dirishani stendi ya Nane Nane.

Saa nne kuna chemsha bongo. Msiidharau. Timu zinaundwa siku ya pili ya safari na hazivunjiki hadi Mei. Zawadi ni kishikio cha funguo chenye nembo ya kampuni, na nimeona wazee wa miaka themanini wakinyimana salamu mgahawani kwa sababu ya swali la mji mkuu wa Australia. (Ni Canberra. Kuna timu iliandika Sydney.) Baada ya hapo mhadhara wa nyota au wa nyangumi, karata, kufuma, halafu chakula. Na chakula tena. Duka na kamari navyo hufunguliwa meli ikiwa baharini tu, maana ikiwa bandarini sheria za nchi zinawabana.

Sasa sisi chini. Siku ya bandari abiria anakwenda kutolea jasho mjini kwa watu. Siku ya bahari jasho lote linabaki kwetu. Bwawani mtu mmoja anatumia taulo tatu: moja ya kukalia, moja ya kujifutia, moja ya kushikia kiti akienda kula. Siku ya bandari tulipokea toroli kumi za taulo za bwawa, siku ya bahari ishirini na ushee. Ratiba ya abiria imeandikwa "siku ya mapumziko". Sisi tulikuwa tunaisoma tunacheka.

#5 Mwalimu Makete

Endelea kijana. Ila eleza hayo maji ya kufulia yanatoka wapi, maana bahari ni chumvi.

#6 Dobi wa Tukuyu

Swali zuri, Mwalimu. Meli hutengeneza maji yake yenyewe. Kuna mitambo inayosukuma maji ya bahari kwa nguvu kwenye chujio jembamba, chumvi inabaki upande huu. Na kuna mitambo inayochemsha kwa joto la injini, mvuke unakusanywa. Huo wa pili fundi mmoja alinieleza nikashangaa: hewa ndani yake imenyonywa, kwa hiyo maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, mbali kabisa.

Nikamwambia mbona hilo nalijua toka jikoni. Sisi huku juu, Mbeya mjini ni kama mita 1,700, hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha, ndiyo maana maharage yanakaa jikoni nusu siku na mgeni wa Dar analalamika. Fundi alicheka, akaniuliza kwa hiyo mama yako ni injinia? Nikamwambia ndiyo.

#7 Kiazi Mviringo

Hapo kwenye maharage nimeanza kukuamini.

#8 Mzee wa Mafinga

Kamwene wanangu. Nimeendesha lori Mbeya–Dar miaka ishirini na sita. Naomba kujua hiyo chombo inakwenda mwendo gani, na dereva anapumzika wapi?

#9 Dobi wa Tukuyu

Shikamoo mzee. Tulikuwa tunakwenda noti 20 hivi, yaani maili 20 za baharini kwa saa, na maili moja ya baharini ni mita 1,852. Piga kwa saa 24 unapata karibu kilomita 890. Ni Mbeya hadi Dar na chenji inabaki, usiku na mchana, bila mlima wa Kitonga, bila mizani, bila mtu wa kukuuzia vitunguu Ruaha Mbuyuni. Haipumziki. Maofisa ndio wanaopokezana zamu kule juu, saa nne kazini, saa nane nje.

Kila siku saa sita mchana nahodha anazungumza kwenye vipaza sauti: tuko wapi, upepo unatoka upande gani, chini yetu kuna kina gani. Siku moja katikati ya California na Hawaii alisema mita elfu tano. Mimi nilikuwa nimeshika kona mbili za shuka. Nikapiga hesabu: Rungwe ni mita 2,960. Ukiutosa hapo mlima wote, kutoka usawa wa bahari hadi kileleni, juu ya kilele bado yanabaki maji kilomita mbili. Mfilipino tuliyeshika naye shuka akaniuliza mbona umesimama, mashine inasubiri. Nikaliingiza.

Na nilikuwa nalala chini ya usawa wa maji hayo. Kabini haina dirisha, dabodeka, mimi juu mwenzangu chini, pazia likivutwa ndiyo nyumba. Ukizima taa ni giza la ndani ya debe. Huko chini kuna korido moja ndefu inatoka mbele ya meli hadi nyuma, mizigo, toroli, wapishi, wanamuziki, wote humo. Wafanyakazi wameipa jina la barabara kuu ya Marekani, I-95. Kichwani mwangu mimi niliiita TANZAM, ile barabara yetu ya Dar hadi Zambia.

#10 Mzee wa Mafinga

Marahaba. Saa nne kazini, saa nane nje. Sisi tungepewa hiyo, wenzangu wengi wangekuwa hai.

#11 Nahodha wa Bajaji

Pole mzee wetu.

Dobi, na nyie madobi mlikuwa na zamu hiyo hiyo?

#12 Dobi wa Tukuyu

Tungeipata wapi. Tulianza saa moja asubuhi, tukapumzika mchana, tukarudi, ikifika saa tatu usiku umeshasimama saa kumi au kumi na moja. Kila siku, hakuna Jumapili. Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, unasema mtu apate mapumziko yasiyopungua saa 10 ndani ya saa 24, na saa 77 ndani ya siku saba. Saa zinajazwa kwenye kompyuta na wakaguzi wanaziangalia. Kwa hiyo saa kumi za kupumzika unapata, ila ndani yake kuna kuoga, kula, kufua nguo zako mwenyewe (dobi naye ana nguo chafu), na mazoezi ya kuzima moto.

Moto ndio tunaouogopa. Watu wanadhani ni mawimbi. Mawimbi meli ina mapezi mawili ubavuni yanayopunguza kuyumba, na anayetapika anapewa tangawizi na tufaha la kijani. Moto huna pa kuukimbilia. Na chumba cha dobi ndipo mahali pake, kwa sababu ya manyoya. Taulo ikikauka inatoa manyoya laini kama pamba, yanajaa kwenye chujio la mashine ya kukaushia, yakikaa na lile joto yanawaka kama petroli. Kwa hiyo chujio linasafishwa kwa saa, unaandika jina lako na muda kwenye karatasi ukutani. Unaingiza mkono, unavua ngozi nzima ya manyoya, ya kijivu, ya moto, nyepesi kama sufi. Naweza kuitambua harufu yake hata nikiwa usingizini.

Shikilieni hapo kwenye chujio, nitarudi.

#13 Binti Ludewa

Nikiwa nasubiri chujio, niongeze la kwetu. Mnazungumzia bahari mbali wakati ziwa lipo hapo Kyela.

Nilipokuwa mdogo tulipanda MV Songea kutoka Itungi kwenda kwa bibi kule Manda. Siku ambayo upepo wa mwera haupulizi, Ziwa Nyasa linalala kama mafuta kwenye sufuria. Kushoto Milima ya Livingstone imeingia moja kwa moja majini, hakuna barabara, hakuna shamba, unaona moshi wa nyumba moja unajiuliza huyo chumvi ananunua wapi. Watu wamelala juu ya magunia ya mchele. Kuku wamefungwa miguu. Mama mmoja alikuwa na vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe, kavipanga vidogo ndani ya vikubwa na majani ya migomba katikati, na kila mtoto aliyepita alipigwa jicho.

Meli ikifika pasipo na gati inapiga honi, mitumbwi inakuja. Hapo ndipo kelele zinaanza, mizigo inateremshwa kwa kamba, mtoto anapokelewa kama furushi, mwenye samaki mbasa wabichi anauza chini, mwenye hela anateremsha kikapu. Dakika ishirini. Kisha kimya kile kile.

Siku hizi kuna MV Mbeya II, abiria 200 na mizigo tani 200. Safi, ina viti. Ila kulala juu ya mchele wa Kyela mpya nako kulikuwa na harufu yake.

#14 Dobi wa Tukuyu

Binti Ludewa umeniumiza na mchele. Kule mesini, ukumbi wetu wa chakula, wali ni kila siku, mchana na jioni, maana wafanyakazi wengi ni Wafilipino, Waindonesia na Wahindi. Mchele hauna harufu yoyote. Unakula kama unatafuna hesabu. Mwezi wa tatu nilimwomba mpishi unga wa mahindi, nikasonga ugali kwenye kisufuria cha mchuzi, Mjamaika mmoja akaja akasema hata kwao wanasonga kitu kama hicho. Tukala wawili na mchuzi wa kuku tumesimama. Siku hiyo sikumbuki tulikuwa bahari gani.

#15 Mwalimu Makete

Kwa kuwa ziwa limetajwa, niruhusuni nitoke nje kidogo ya mada. Pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lake linalofanana na sanamu ya Sphinx ya Misri, ndipo zilipopigwa risasi za mwanzo za vita vya meli katika Vita ya Kwanza ya Dunia humu ziwani. Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliikuta Hermann von Wissmann ya Wajerumani imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, ikaishambulia. Manahodha hao wawili walikuwa wakijuana vizuri, na huyo Mjerumani hakuwa amepata habari kwamba vita imeanza. Kwake ilikuwa siku ya kawaida ya kupaka rangi.

Nimemaliza. Rudi kwenye chujio.

#16 Dobi wa Tukuyu

Ndaga fijo Mwalimu, hilo sikulijua na Liuli nimepita.

Chujio. Juu kwenye maktaba ya meli kulikuwa na meza ya ile picha ya vipande, mnaipanga hadi itimie. Vipande elfu moja, picha ya mashua bandarini. Haina mwenyewe, kila abiria anayepita anakaa, anaweka viwili vitatu, anaondoka. Ila kulikuwa na bibi mmoja, mjane, alikaa pale siku zote za bahari. Nilimjua kwa sababu ghorofani kwao kuna mashine nne za abiria kujifulia, na pale mahali pana vita kuliko hata viti vya bwawa. Mtu akichelewa dakika tano kutoa nguo zake, mwenzake anazitoa na kuzirusha juu ya meza, basi ofisi inapigiwa simu, natumwa mimi. Yule bibi ndiye alikuwa akinieleza nani kaanza.

Siku ya tatu kabla ya Honolulu picha ikatimia, ikabaki tundu moja. Kwenye anga. Walitafuta chini ya zulia, chini ya viti, wakamshuku bwana mmoja wa timu pinzani ya chemsha bongo kwamba kakiweka mfukoni makusudi. Meli nzima ikajua. Mambo ya siku ya bahari hayo, hakuna habari nyingine.

Usiku ule mimi nikavua manyoya kwenye chujio, nikahisi kitu kigumu. Nikapasua. Kipande cha bluu. Kilitoka kwenye mfuko wa sweta, na sweta lilikuwa na kibandiko chenye namba ya kabini. Ya yule bibi.

#17 Nahodha wa Bajaji

😂😂😂 Mwizi ni mwenye meza!

#18 Kiazi Mviringo

Ukafanyaje? Usitukate hapo.

#19 Dobi wa Tukuyu

Nilimpelekea asubuhi na nguo zake, nimekifunga kwenye leso ya karatasi. Akafungua, akawa mwekundu hadi masikioni. Akaniambia alikiweka makusudi siku mbili nyuma ili awe wa mwisho kukipachika, kama alivyokuwa akifanya mumewe nyumbani, halafu akasahau. Alikuwa ananiangalia kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Tukaenda wote maktaba, saa kumi na mbili kasoro, hakuna mtu. Kikakataa kuingia. Kilikuwa kimelowa, kimevimba, karatasi ya juu imeanza kubanduka. Akakisukuma kwa kidole gumba, nikakisukuma mimi, wapi. Akakirudisha mfukoni. Akasema basi abaki anahukumiwa yule bwana, ni mjeuri hata hivyo.

#20 Binti Ludewa

Bibi huyo angefaa Ludewa kabisa.

Na muda je? Ulikuwa unampigiaje mama?

#21 Dobi wa Tukuyu

Hapo sasa. Ukielekea magharibi, usiku fulani saa inarudishwa nyuma moja, unalala zaidi, wafanyakazi wote wanashangilia. Ukienda mashariki unanyang'anywa. Los Angeles mwezi wa kwanza iko nyuma yetu saa 11, Honolulu saa 13. Katikati kuna siku ya saa 12 kamili. Siku hiyo sikuhitaji hesabu: saa ya ukutani dobini ilionyesha mishale ile ile ya saa ya mama sebuleni. Saa moja kwangu, saa moja kwake. Mimi jua linachomoza, yeye anafunga kuku. Intaneti ya meli ni ghali, nilinunua dakika chache siku hiyo nikamwambia, mama, leo tuko saa moja. Akasema, "Asubuhi au jioni?" Nikamwambia vyote.

Baadaye, kabla ya kufika Apia kule Samoa, tuliruka siku nzima kwa kuvuka mstari wa tarehe. Tulilala Jumatatu tukaamka Jumatano. Kabla ya hapo tulikuwa tumevuka ikweta, abiria wakabusu samaki mbele ya mtu mwenye ndevu za bandia anayejiita mfalme wa bahari. Wao wanacheka, mimi nawaza: hiyo kanzu yenye magamba ya samaki nani anafua?

#22 Mdau wa Uyole

Mkuu, kijana wangu kamaliza kidato cha nne anataka njia hiyo. Kuna wakala Dar anadai milioni mbili na nusu za "kushikilia nafasi".

#23 Dobi wa Tukuyu

USITOE. Mimi mwenyewe nililizwa na mmoja, laki tisa, ofisi ina bendera na picha za meli ukutani, nikarudi baada ya wiki mbili nikakuta wanauza vipodozi.

Mkataba ule ule wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama zako wewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli. Kijana aanze na mafunzo ya awali ya usalama, Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) wanayatoa: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza. Na ajue kuogelea. Mimi nilijifunzia huko huko nikiwa na miaka ishirini na nne, mtoto wa mlimani, nimeshika ukingo wa bwawa kama nimeshika kamba ya ng'ombe.

#24 Mdau wa Uyole

Umeniokoa. Barikiwa sana.

#25 Nahodha wa Bajaji

Kabla umeme haujakatika: nasikia mnakunja taulo zinakuwa wanyama. Kweli? Tupia picha.

#26 Dobi wa Tukuyu

Kweli, ila hao ni wahudumu wa vyumba, sisi tunawapelekea taulo tu. Nilifundishwa mmoja, tembo. Taulo kubwa ni mwili, ndogo ni kichwa na mkonga.

Picha sina. Niliporudi, jioni ya kwanza, nilimkunjia mama nikamwekea kitandani. Akaniita, "Njoo uone." Akamzunguka, akamgusa mkonga, akasema kazi nzuri. Kisha akamkunjua, akamtia begani, akaenda kuoga.